Maneno Mia Tano na Pikapu ya Baba

Chemchem, Tabora
14 Januari 2025

Mjomba Dismasi,

Shikamoo. Vipi kifua? Natumaini mvua zimekuacha upumue kidogo, na kwamba Mama Advera bado anakuficha ugoro. Mpe shikamoo yangu. Baba nilimpigia Jumapili, anasema macho yanazidi kuingia ukungu na mahindi yamefika magotini. Mimi ni mzima. Mama Recheli, mwenye nyumba wangu hapa, anakusalimu sana. Anasema anakukumbuka tangu enzi akiimba kwaya na marehemu Mama. Watoto wa tuisheni ninaowafundisha wameongezeka, na Ijumaa mmoja wao aliyatapikia madaftari ya wenzake wote. Ndivyo nilivyouanza mwaka.

Sasa shida yangu. Kile chuo cha ukunga nilichokuambia wakati wa Krismasi kina ufadhili wa kusoma bure mpaka kumaliza, na bila ufadhili huo mimi siendi popote, hali ya nyumbani unaijua. Matokeo yangu wameyapenda. Kilichobaki ni insha: "Kwa nini nataka kuwa mkunga." Iwe ya Kiswahili, na isizidi maneno mia tano. Yangu ina mia nane na kumi na moja. Unaiandika kwenye mtandao, na ikifika mia tano mashine inagoma, haipokei hata neno moja la kuongezea.

Nilikwenda kuomba msaada kwa Justus, mwenye stationari pale karibu na stendi. Akasoma mistari mitatu, akaniambia, "Dada, hujalia vya kutosha. Anza na ukimbizi. Babu yako alitoka Burundi hana hata nguo, weka hiyo juu kabisa, wafadhili wanaipenda." Babu alikuwa na nguo. Alikuja na cherehani kichwani. Kisha akanifungulia kwenye kompyuta insha za watu wengine alizozihifadhi, akasema nichague yatima mmoja ninayempenda, yeye atabadilisha jina tu. Nilitoka pale nikiwa na kinyaa mpaka mikononi, utadhani nimeshika panya aliyeoza. Siku hizi nikipita pale nahama upande wa barabara.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Hapo kijijini Barabara ya 13 hazikwi mtu bila wasifu ulioandikwa na wewe, na Padri anakupa dakika chache tu za kusoma maisha ya mzee wa miaka tisini. Mtu wa namna hiyo ndiye anayejua kukata. Nakuomba uipunguze bila kuiharibu. Nimempa Majidi wa basi bahasha hii kwa sababu simu yako ya kitochi haiwezi kuonyesha ukurasa. Mwisho wa kutuma ni tarehe 31 Mei. Kabla ya hapo mzazi anatakiwa aisome insha, au asomewe, kisha asaini fomu kwamba yaliyoandikwa ni kweli.

Nakusubiri, Mjomba.

Mpwa wako,
Flavia


Barabara ya 13, Ulyankulu
20 Februari 2025

Mpwa wangu Flavia,

Marahaba. Kifua kipo, kinakohoa chenyewe bila kuniomba ruhusa. Ugoro nimeacha, na Mama Advera asikudanganye vingine. Hapa mvua imekata barabara mara mbili. Mbuzi wetu yule mwenye pembe moja amekufa, na jirani aliyemuua kwa jiwe amekuja kutupa pole. Mrudishie Mama Recheli salamu zake. Alikuwa na sauti nzuri, mama yako alimzidi kidogo.

Bahasha yako ilikaa njiani majuma matatu. Majidi aliiweka chini ya gunia la dagaa, basi likakwama matopeni, maji yakaingia, mengine unajua mwenyewe. Ilifika ikinuka hata paka wa jirani akawa anailalia mlangoni. Nimeisomea nje, upande upepo unakotoka, na bado usiku huo ugali ulikuwa na harufu ya insha yako.

Kwanza nikuambie, huo ukomo wa maneno ni upuuzi na umenikera. Unamwita mtu akueleze maisha yake, halafu unakaa unamhesabia maneno, sawasawa na mwenye nyumba anayehesabu matonge ya mgeni. Wangesema tu hawataki kusikia. Lakini na wewe, mpwa wangu, unaropoka. Medali ya mbio za darasa la sita inawahusu nini wakunga?

Mimi kwenye wasifu nina utaratibu wangu. Kwanza naondoa ugonjwa, kwa sababu ndugu watabishana. Naondoa mke wa kwanza kama wa pili amekaa mbele. Naondoa pombe, naondoa shamba lenye kesi, naondoa mtoto ambaye hakuja kuzika. Ukimaliza hapo marehemu anabaki mtu safi na muda unatosha. Mwezi huu tumemzika mzee Ngollo. Unakumbuka alivyokuwa akimpiga mkewe mpaka kijiji kizima kinaamka? Nimemwandika kuwa alikuwa mpenda utulivu. Mjane akaja kunishika mkono, akanishukuru. Nilirudi nyumbani chakula kikanishinda.

Yako nimeifanyia hivyohivyo. Imekaa maneno mia nne tisini na sita. Mambo ya nyumbani nimeyaweka sawa. Inakili kama ilivyo, uitume, usianze kuchokonoa.

Mjomba wako,
Dismasi


Chemchem, Tabora
16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Hapa Mama Recheli amevimba mguu, anatembea kwa kushika ukuta, lakini bado anapika maandazi na bado anagombana na wateja. Mimi malaria ilinishika siku nne, nimepona. Ahsante kwa kazi uliyofanya. Najua ulikaa nayo.

Baada ya ahsante hiyo naomba niseme, na unisamehe kwa ukali. Umenizika.

Insha inaanza, "Flavia Irakoze alizaliwa katika familia ya Kikristo, akiwa mtoto wa tatu." Katikati unasema nilikuwa "mcheshi na mwenye ushirikiano na majirani." Mwishoni umeandika kwamba ninaacha baba, mjomba mmoja na kaka wawili. Ninawaacha naenda wapi, Mjomba? Mama Recheli alipofika hapo alicheka mpaka akasahau mguu. Mimi sikucheka. Nilisoma maisha yangu yote kwenye karatasi moja nikaona mtu ambaye singependa hata kukaa naye kwenye benchi la kanisa.

Hayo ningeyavumilia. Kuna mstari mmoja sitauvumilia.

Mimi niliandika hivi: "Mama alifia njiani, juu ya baiskeli, kwa sababu pikapu ya Baba ilikuwa imejaa marobota ishirini ya tumbaku." Maneno kumi na saba. Nimeyahesabu mara nyingi, hayabadiliki.

Wewe umeuondoa, ukaweka: "Mwaka 2012 Mwenyezi Mungu, kwa mapenzi yake yasiyochunguzika, alimwita mama yangu mpendwa Leonia katika makao yake ya milele, baada ya kuugua kwa muda mfupi." Maneno ishirini na manne!

Nilikutumia insha uipunguze, na kwenye mstari huo tu umeongeza. Kwa hiyo usiniambie ni ukomo wa maneno. Aliugua nini, Mjomba? Alikuwa anajifungua. Ulikuwa nyuma ya baiskeli ile, wewe ndiye uliyesukuma. Nilikuwa na miaka sita, nimesimama mlangoni kwa Baba, na nilimsikia akisema gari lina mzigo wa soko, Mama atavumilia. Siku ya mazishi ukasimama mbele ya watu ukasoma hilo hilo la "kuugua kwa muda mfupi", na watu wakaitikia. Nikiyasikia maneno hayo redioni, naizima.

Nakuuliza swali moja nami nataka jibu. Mstari huo uliukata kwa ajili ya mashine, au kwa ajili ya Baba?

Flavia


Barabara ya 13, Ulyankulu
22 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Poleni kwa malaria na kwa mguu. Sikuandika mapema kwa sababu ya maandalizi ya Pasaka, tena misiba ikafuatana, miwili kwa juma moja, na kanisa letu la kigango limenunua spika mpya inayokoroma kuliko sisi wote. Soko la tumbaku limefunguliwa. Kijiji kizima kinanuka, watu wanapiga marobota mpaka kwenye vyumba vya kulala. Tangu zamani harufu hiyo siipendi. Mama Advera anafua shuka, zinakauka na harufu ileile.

Swali lako nimeliona.

Nikukumbushe tu jambo ambalo wewe, kwa usomi wako, umelisahau. Fomu inasainiwa na mzazi. Mzazi uliyebaki naye ni mmoja, Alois, baba yako, mwenyekiti wa kigango, mtu ambaye watu wanamwinukia akiingia kanisani. Wewe unataka aweke mkono wake chini ya mstari ule, athibitishe kwamba ni kweli. Asiposaini hakuna chuo. Unataka kuwa mkunga au unataka kuwa hakimu? Kwa sababu hizo kazi mbili hazisomewi sehemu moja, na ufadhili uliopata nafasi ya kuuomba ni wa hiyo ya kwanza.

Alikulea, alikulipia shule. Hilo nalo ni kweli, na kwenye insha yako sikuliona.

Kuhusu wasifu wa mama yako. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Uliosomwa ulikuwa nusu ukurasa. Hapo usiniulize zaidi.

Andika kinachoweza kusainiwa, uondoke huko kwenye madaftari ya matapishi. Ndilo ninalokutakia.

Dismasi


Chemchem, Tabora
13 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo, na Mama Advera shikamoo. Mguu wa Mama Recheli umepungua. Mimi sijambo, ila silali vizuri na nimekuwa na hasira za ovyo. Juzi nilimfokea mtoto kwa kosa la kucheka.

Nimeimaliza. Ina maneno mia tano kamili. Nimeondoa medali, ulikuwa na haki. Nimeondoa uongozi wa bweni. Nimeondoa Babu na cherehani yake na Burundi nzima, nimeondoa uraia wa Tanzania na siku tulipopewa vyeti. Nimeondoa kwamba Baba alinilipia shule. Nililiandika hilo, nikalisoma, likawa linanuka rushwa, nikalifuta. Na wewe nimekuondoa. Palikuwa na mistari kuhusu mjomba aliyesukuma baiskeli peke yake mpaka kwenye daraja, na aliyekaa pale chini na dada yake mpaka watu wakaja. Ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Ilinibidi nichague, nikambakiza Mama.

Mstari wa pikapu umebaki kama ulivyokuwa.

Insha na fomu vimo kwenye bahasha hii. Nimemwambia Majidi akiiweka tena kwenye dagaa nitamtangaza stendi nzima. Nimempigia Baba, nimemwambia kuna karatasi za chuo zinakuja. Kwa ukungu wa macho yake atakuita wewe umsomee, kama anavyokuita kwa kila karatasi inayotoka parokiani. Basi nakuomba kitu kimoja, na kwa hiki sitaki utaratibu wako wa wasifu. Usiruke mstari. Msomee yote kama nilivyoandika, hata kama utasoma umefumba macho.

Asiposaini, hasaini. Nitabaki hapa Chemchem na watoto wanaotapika. Lakini sitaingia kwenye chumba cha wazazi, nikashika mikono ya mwanamke anayejifungua, huku nimefika pale kwa kusema mama yangu aliugua kwa muda mfupi.

Flavia


Barabara ya 13, Ulyankulu
25 Mei 2025, Jumapili

Mpwa wangu Flavia,

Marahaba. Sote wazima. Leo habari za nyumbani ziishie hapo.

Nilikwenda kwa baba yako baada ya misa. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha bani lake la kukaushia, amezungukwa na tumbaku, anachambua majani kwa kuyapapasa kwa sababu rangi haioni tena vizuri. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Akasema, "Soma, shemeji, mimi nafanya kazi, masikio yapo."

Nikasoma. Sauti yangu unaijua, inajua kusoma mbele ya watu. Nilipofika kwenye pikapu ulimi ukakimbilia mstari unaofuata, maneno mawili yakaniponyoka. Nikarudi. Nikasoma wote, na baiskeli na tumbaku.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nani kamwambia ishirini?"

Nikamwambia mtoto alikuwa na miaka sita, alihesabu kwa jicho la mtoto. Akaendelea kupapasa jani. Akasema, "Hayakuwa ishirini. Yalikuwa manne."

Flavia, miaka kumi na mitatu mimi nimeamini gari lile lilikuwa limejaa. Mimi nilikuwa chumbani na mama yako, sikwenda kuangalia. Mtu aliyetumwa kuomba alirudi akasema gari lina mzigo, nikachukua baiskeli. Njia nzima nilikuwa najiambia, gari limejaa, angefanyaje. Sasa nikamuuliza, "Manne? Si nafasi ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Sasa kwa nini, Alois?"

Akasema, "Maji yalikuwa yameshaanza kumtoka. Tumbaku ikilowa wanaikataa sokoni."

Alisema hivyo, basi. Hakulia, hakushusha sauti. Angekuwa anaeleza namna ya kukausha mahindi angetumia sauti hiyohiyo. Nilisimama nikaenda nyuma ya bani nikatapika chai yote ya asubuhi. Nimesoma wasifu wa wezi na wa wachawi na wa mzee Ngollo, sijawahi kutapika. Ile harufu ya majani ilikuwa puani, mdomoni, kwenye shati la misa. Nilitaka kuondoka nisimwone tena mpaka mmoja wetu azikwe.

Niliporudi alikuwa ameshaomba kalamu. Akasema, "Andika manne. Wanataka ukweli. Mimi siwezi kusaini ishirini."

Unamwona mtu huyo? Anaogopa kusaini hesabu ya uongo.

Nikabadilisha. Palipokuwa na "imejaa marobota ishirini" sasa pana "imebeba marobota manne". Maneno matatu yametoka, matatu yameingia, imebaki mia tano. Nikamwongoza kidole mpaka kwenye mstari wa fomu, akasaini jina lote. Chini yake akaongeza "Mwenyekiti wa Kigango", na hakuna aliyemwomba.

Alipomaliza akaniuliza kama yule mtoto wa kiume aliyekufa na mama yako naye yumo kwenye insha. Nikamwambia yumo. Akasema vema. Kisha akaomba nimsogezee fungu lingine la majani, na mimi, mpwa wangu, nikamsogezea.

Ile sababu ya maji sikuiandika. Nafasi haikuwepo, na si mimi wa kuiweka wala kuiondoa. Nimekuandikia wewe ili uwe nayo. Na swali lako la Machi usiniulize tena.

Bahasha anayo Majidi, ameiweka mbele, kwenye kioo.

Mjomba wako,
Dismasi


Chemchem, Tabora
31 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha imefika salama, haina harufu yoyote. Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa sakafuni kwa Mama Recheli. Alinipa ndoo, akanishika kichwa. Baadaye nilimsomea. Alivua kilemba akakaa nacho mapajani jioni nzima.

Simu ya Baba imelia mara mbili tangu juzi. Sijapokea. Nitapokea siku nitakayoweza kumwamkia bila kukunja uso, na siku hiyo siijui.

Leo asubuhi nimetuma. Majibu yatatoka mwezi wa nane.

Ila sikuituma kama ulivyoirudisha. Palikuwa na aya ya mwisho, ndefu, yenye ahadi na shukrani, niliyofanyia kazi tangu Januari. Humo ndimo nilimoeleza kwa nini nataka kuwa mkunga. Nimeifuta yote. Mahali pake nimeandika alichosema Baba, kama alivyokisema, kuhusu maji na kuhusu soko, kisha nikaweka nukta. Insha haikufika hata maneno mia nne.

Flavia